Penseli, Daftari na Kipindupindu: Namna ya Kujifunza Jinsi Milipuko ya Magonjwa Inavyozuka na Kuzimwa

Mtu anayetaka kuelewa jinsi magonjwa ya kuambukiza yanavyozuka na yanavyodhibitiwa mara nyingi huanzia kwenye majina ya vimelea. Hukariri dalili za ugonjwa huu na ule, na baada ya miezi miwili anakuwa na madaftari yaliyojaa lakini hawezi kujibu swali dogo kabisa: wagonjwa 40 kwa wiki katika kata moja ni wengi au ni wachache? Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine. Chagua ugonjwa mmoja, chagua mlipuko mmoja uliokwisha na ambao hesabu zake zilihifadhiwa, kisha uuhesabu upya kwa mkono wako kana kwamba wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuuzima. Unahitaji daftari la hesabu lenye vimraba, penseli, rula na jioni chache zisizo na kelele. Kompyuta inaweza kusubiri, na kwa kweli ni afadhali isubiri, kwa sababu programu humchorea grafu nzuri hata mtu asiyejua anachokichora.

Ugonjwa ninaoupendekeza ni kipindupindu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kutambulishwa kwake: wimbi la saba la dunia, lililoanzia kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia mwaka 1961, lilifika Afrika mwaka 1970, na tangu hapo ugonjwa huu haujapata kuondoka barani moja kwa moja. Lakini sababu yangu kubwa ni ya kimasomo. Dalili za kipindupindu hutokea kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kumeza bakteria, kwa hiyo chanzo na matokeo yake vinakaa karibu, na mwanafunzi anaweza kuviona vyote viwili ndani ya ukurasa mmoja. Ukianza na kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya mtu kukohoa, utakata tamaa kabla hujaelewa.

Anza na mtaa mmoja

Mwishoni mwa Agosti 1854, katika eneo la Soho jijini London, kipindupindu kililipuka kuizunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow, aliyekuwa akiishi si mbali na hapo, alikuwa ameshikilia kwa miaka kadhaa kwamba ugonjwa huu huletwa na kitu kinachomezwa, hasa katika maji, wakati madaktari wengi wa siku zile waliamini kwamba huletwa na hewa chafu yenye uvundo. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wafiwa walikuwa wakiteka maji wapi, akapeleka hoja yake kwa wakuu wa parokia, na Septemba 8 mpini wa pampu ukaondolewa. Orodha yake ya waliokufa ilifika watu 616. Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya shujaa aliyeng'oa mpini na kuokoa mji. Wewe usikisome tu hivyo; kichore.

Andika tarehe kwenye mstari wa mlalo kuanzia Agosti 30 hadi Septemba 10. Juu ya kila tarehe jaza vimraba kwa rangi moja kuonyesha walioanza kuugua siku hiyo, na kwa rangi nyingine kuonyesha waliokufa siku hiyo. Kimraba kimoja kiwe watu 5, la sivyo karatasi haitakutosha. Kumbuka kwamba Snow alifanya kazi kutoka kwenye kumbukumbu za vifo, hivyo walioanza kuugua hapa ni wale tu ambao baadaye walifariki. Namba ni hizi, ya kwanza ikiwa ya walioanza kuugua na ya pili ya waliokufa:

Agosti 30: 8 na 2
Agosti 31: 56 na 3
Septemba 1: 143 na 70
Septemba 2: 116 na 127
Septemba 3: 54 na 76
Septemba 4: 46 na 71
Septemba 5: 36 na 45
Septemba 6: 20 na 37
Septemba 7: 28 na 32
Septemba 8: 12 na 30
Septemba 9: 11 na 24
Septemba 10: 5 na 18

Ukimaliza kuchora, itazame Agosti 31. Jioni ile watu 56 ambao hawatapona walikuwa wameshaanza kuugua, lakini maiti zilikuwa 3 tu. Afisa anayehesabu makaburi angelala usingizi wake wote. Kesho yake walioanza kuugua wakafika 143, na kilele cha vifo, 127, kikaja siku moja baada ya kilele cha kuugua. Hilo ndilo somo la kwanza, na ni afadhali ulipate kwa rangi mbili kuliko kwa maneno: kila namba unayoisikia katika mlipuko inasema habari za siku iliyopita, na urefu wa ucheleweshaji hutegemea ni kitu gani kinahesabiwa. Kwa kipindupindu pengo kati ya kuugua na kufa ni siku moja hivi. Kwa UVIKO-19 lilikuwa wiki kadhaa, na ndiyo maana vifo viliendelea kupanda hata pale ambapo maambukizi mapya yalikuwa yameanza kushuka.

Tazama pia umbo lenyewe. Grafu yako inapanda ghafla kama ukuta na kuanza kushuka mara moja. Umbo la namna hii huonyesha kwamba watu wengi walikutana na chanzo kimoja kwa wakati mmoja, kama kisima, au sufuria moja ya chakula cha harusi. Ugonjwa unaopita kutoka mtu hadi mtu huchora vilima vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa kikubwa kuliko cha nyuma yake, na umbali kati ya kilima na kilima hukaribiana na muda ambao mgonjwa mmoja huchukua kuzalisha mgonjwa mwingine. Mtu aliyezoea kuchora huanza kubahatisha njia ya maambukizi kwa kutazama umbo tu, kabla majibu ya maabara hayajatoka.

Sasa weka mshale kwenye Septemba 8, siku ya mpini. Utaona kwamba ugonjwa ulikuwa umeshashuka sana. Zaidi ya watu 500 kati ya wale 616 walikuwa wameshaugua kabla ya mpini kuguswa, na Snow mwenyewe alikiri kwamba watu walikuwa wamekimbia mtaa ule, hivyo haikuwezekana kusema kwa uhakika kama kisima bado kilikuwa na sumu yake au la. Wapenzi wa hadithi hawapendi kuambiwa hili. Acha mshale huo hapo, tutaurudia.

Namba ya chini

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi, yaani namba ya juu, na asili, yaani namba ya chini. Taarifa nyingi za milipuko zinazotufikia kwenye simu huwa ni namba ya juu peke yake: wagonjwa wapya kadhaa, vifo kadhaa. Bila asili huwezi kulinganisha chochote na chochote. Kama kuna zoezi moja tu utakalolifanya katika mwongozo huu, naomba liwe hili la pili.

Katika mwaka uleule wa 1854 Snow alikuwa akifanya uchunguzi mwingine kusini mwa London, ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko ule wa pampu, ingawa haupati sifa zake. Kampuni mbili za maji, Southwark and Vauxhall na Lambeth, zilikuwa zimelaza mabomba yake katika mitaa ileile, kiasi kwamba nyumba mbili zinazopakana ziliweza kuwa na maji kutoka kampuni tofauti, matajiri na maskini wakiwa wamechanganyika pande zote mbili. Mwaka 1852 Lambeth ilikuwa imehamisha sehemu yake ya kuvuta maji hadi Thames Ditton, juu zaidi ya mto, mbali na maji taka ya jiji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuvuta maji Battersea, palepale uchafu wa London ulipokuwa ukipita. Katika wiki 7 za kwanza za mlipuko, nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth zilipata vifo 98.

Gawanya kiasi kwa asili, kisha zidisha kwa 10,000. Utapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande wa kwanza, na takriban 37 upande wa pili. Gawanya tena hizo mbili na utaona kwamba hatari upande wa kwanza ilikuwa zaidi ya mara 8. Hapo hakuna darubini wala maabara. Muitaliano Filippo Pacini aliwaona bakteria hawa mwaka huohuo wa 1854 lakini hakusikilizwa, na Robert Koch hakuwatambulisha kwa ulimwengu mpaka miaka ya 1883 na 1884, katika safari zake za Misri na Kolkata. Hatua ya kuzuia ugonjwa inaweza kutangulia kumjua mdudu, ilimradi mtu amejua ni nani anaugua, ni nani haugui, na hao wawili wanatofautiana kwa kitu gani.

Hao wasiougua ndio wanaosahaulika. Karibu na pampu ya Broad Street kulikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535, na waliokufa kwa kipindupindu ndani yake walikuwa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake yenyewe. Kiwanda cha bia cha mtaa uleule kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna aliyekufa, kwa kuwa walikuwa wakipewa bia na hawakuigusa pampu. Tena kulikuwa na mjane aliyehamia Hampstead, mbali kabisa na Soho, ambaye aliyapenda maji ya pampu ile na kuletewa chupa kwa gari kila siku. Alikufa, ilhali jirani zake wa Hampstead hawakuugua. Unapochunguza mlipuko wowote, tenga ukurasa mzima wa daftari kwa ajili ya watu wa aina hii: waliokaa ndani ya moto wakasalimika, na waliokaa mbali wakaungua.

Nani anaitwa mgonjwa

Kabla ya kuhesabu popote pengine, uliza mhisiwa, yaani mtu anayedhaniwa kuwa na ugonjwa, amefafanuliwaje. Kwa mwongozo unaotumika kwa kipindupindu, mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, mhisiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi mwenye kuharisha majimaji kwa ghafla na kupungukiwa maji mwilini vibaya, au aliyekufa kwa kuharisha hivyo. Mlipuko ukishatangazwa, mtu yeyote anayeharisha majimaji kwa ghafla anaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo siku ya kutangaza, namba inaweza kuruka bila bakteria hata mmoja kuongezeka. Ukiona grafu imeruka, kabla hujaogopa, angalia kama siku hiyo si ugonjwa uliobadilika bali ni kipimo.

Tofautisha pia wahisiwa na waliothibitishwa kwa kuotesha sampuli ya kinyesi maabara. Mlipuko ukishathibitishwa, si kila mgonjwa hupimwa, na haina haja. Mtu anayedai kwamba waliothibitishwa peke yao ndio wagonjwa wa kweli hajawahi kuwaona wahudumu wa kambi ya kipindupindu wakiwa kazini.

Kwa nini moto unashika

Mlipuko huhitaji mambo matatu yakutane: kimelea kifike, kikute watu wasio na kinga, na kipate njia ya kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wanafunzi wengi humakinikia jambo la kwanza, yaani kimelea kimetoka wapi, kwa sababu lina msisimko. Mimi ningekushauri utumie muda mwingi zaidi kwenye la tatu.

Chukua Goma, Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kwa hiyo vyoo havikuchimbika, na hata makaburi yalikuwa shida. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu. Bakteria wa kipindupindu hakuwa mgeni katika ukanda ule wa maziwa makuu. Kilichokuwa kigeni ni umati ule, juu ya mawe yale, na maji yale. Linganisha na Haiti mwaka 2010, ambako kimelea ndicho kilichokuwa mgeni: nchi haikuwa na kumbukumbu ya kipindupindu kwa zaidi ya karne moja, kikaingizwa kupitia maji taka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, kikamwagika katika mto unaolisha Artibonite, na kikakuta watu wasio na kinga yoyote. Karibu watu 10,000 walikufa. Weka visa hivi viwili ubavuni mwa daftari, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kila unaposoma mlipuko mpya jiulize unafanana zaidi na upi.

Yako magonjwa ambayo hutoka kwa wanyama, na hayo yana kanuni zake. Homa ya Bonde la Ufa hulipuka pale mvua za El Niño zinapofurisha mabonde na kuamsha mayai ya mbu yaliyolala ardhini miaka mingi, kama ilivyotokea Kenya na majirani zake mwaka 1997 na tena mwaka 2006. Kirusi cha Marburg hukaa kwa popo wa matunda. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi ulianza katika kijiji cha Meliandou, Guinea, Desemba 2013, kwa mtoto mdogo, lakini ulitambuliwa Machi 2014. Miezi mitatu ya ukimya. Nayo iliishia kwenye vifo zaidi ya 11,300.

Kwa magonjwa yanayopita kutoka mtu hadi mtu utakutana na herufi R, yaani wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza. Usiikariri, ivunje. R ni idadi ya watu anaokutana nao mgonjwa kwa siku, mara uwezekano wa kila mmoja kuambukizwa, mara siku ambazo mgonjwa anaambukiza. Tuseme mgonjwa anakutana na watu 4 kwa siku, mmoja katika kila 10 huambukizwa, na anaambukiza kwa siku 5: R ni 2, na wagonjwa wataongezeka 1, 2, 4, 8, 16. Sasa mpeleke mgonjwa kituoni siku ya pili badala ya kumsubiri mpaka ya tano. Hujagusa kimelea, hujamchanja mtu, lakini R imeshuka hadi 0.8 na mlipuko unaanza kufa wenyewe. Surua ina R kati ya 12 na 18 mahali pasipo na kinga, ndiyo maana haikubali mzaha wa chanjo nusunusu. Gawanya 1 kwa R, ukiichukulia kuwa 15, kisha toa jibu kutoka kwenye 1, yaani 1 kutoa 1/15, na utapata kwamba zaidi ya asilimia 93 ya watu wanapaswa kuwa na kinga ndipo iache kusambaa.

Kila hatua ina namba yake

Hapa ndipo wanafunzi wengi, na wanasiasa wengi pia, huchanganya. Kuna hatua zinazopunguza wanaougua na kuna hatua zinazopunguza wanaokufa miongoni mwa waliokwisha kuugua. Ukitazama namba isiyohusika utadhani hatua nzuri imeshindwa.

Anzia kitandani. Kitanda cha kambi ya kipindupindu ni cha turubai au plastiki, kina tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, haja yake ikiwa nyeupe kama maji ya mchele, na muuguzi husoma ndoo ile ili ajue amrudishie kiasi gani. Ukiifinya ngozi ya tumbo lake na kuiachia, inabaki imesimama kidogo kabla ya kulala. Mgonjwa wa namna hii huwekewa dripu ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake: kwa mtu mzima, 30 katika nusu saa ya kwanza na 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Fanya hesabu kwa mtu wa kilo 60. Ni lita 6 katika saa 3, yaani chupa 12 za nusu lita. Wakija wagonjwa 20 wa aina hiyo kwa siku moja, unahitaji chupa 240 za kuanzia tu, na nani atazibeba, na gari litapita barabara gani kama ni masika? Ukifikia kujiuliza swali hilo la barabara, ujue umeanza kujifunza udhibiti wa magonjwa kweli.

Kwa wasiofikia hali hiyo, kinywa kinatosha. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, akaanza kuwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari ya glukosi wanywe, huku ndugu zao wakiwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 ya wagonjwa hadi asilimia 3.6. Jaribu mwenyewe jikoni, maana mikono hukumbuka kuliko macho. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Sawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu, kwa sababu kijiko cha mlima huharibu dawa. Koroga, kisha onja: yasizidi chumvi ya machozi. Pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari zilizopimwa tayari, za dukani au za zahanati ni bora zaidi zikipatikana, lakini baada ya kupima kwa mkono hutasahau kwamba kosa la chumvi ni kosa la hatari.

Matibabu hayo yakifanywa vizuri, vifo vya kipindupindu hushuka chini ya asilimia 1 ya wagonjwa. Lakini ona: kisima bado kilekile. Vifo vimeshuka, wagonjwa hawajapungua. Kuwapunguza wagonjwa ni kazi ya maji yaliyotiwa klorini, ya vyoo, ya mama lishe mwenye ndoo ya kunawia iliyo na maji, ya bwana afya anayepita vibandani. Na kiwango cha vifo kwa wagonjwa peke yake kinaweza kukudanganya kwa upande mwingine pia. Marburg iliyotangazwa mkoani Kagera Machi 21, 2023 iliwapata watu 9 na kuua 6, yaani theluthi mbili. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 uliua asilimia ndogo mno ya walioupata, lakini ulipita wagonjwa 20,000 na vifo vyake vikahesabiwa kwa mamia. Asilimia inatisha, namba kamili huzika.

Chanjo nayo ina hesabu yake, na mfano mzuri tunao nyumbani. Mwanzoni mwa 2009 watu 23,921 wa Unguja na Pemba, kati ya 48,178 waliolengwa katika maeneo yenye hatari kubwa, walimeza dozi mbili za chanjo ya kipindupindu. Mlipuko ulipotokea baadaye, watafiti walichukua kiwango cha kuugua kwa waliochanjwa, wakakigawanya kwa kiwango cha wasiochanjwa, wakatoa jibu kutoka kwenye 1, na kupata ufanisi wa asilimia 79. Angalia tena asili: kila kundi liligawanywa kwa idadi yake. Mtu anayehesabu wagonjwa waliochanjwa bila kuuliza waliochanjwa ni wangapi anaweza kuishia na jibu lililopinduka kabisa, na hoja za namna hiyo tulizisikia sana wakati wa korona. Uchunguzi uleule wa Zanzibar uliona pia kwamba hata wasiochanjwa waliokuwa wakiishi kati ya majirani wengi waliochanjwa walipata nafuu fulani.

Mwisho wa zana zote huja watu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 huko Kivu ya Kaskazini na kuenea hadi Ituri ulikuwa na chanjo yenye nguvu tangu mwanzo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo ulidumu hadi Juni 25, 2020, ukapata wagonjwa 3,470 na kuua 2,287. Kulikuwa na vita, kulikuwa na uvumi, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Watu ambao kwa miaka mingi waliuawa na makundi ya silaha bila dunia kugeuza shingo waliona magari mengi yakija ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakashuku. Sioni kwamba walikuwa wajinga. Unaposoma taarifa za mlipuko wa aina hii, itafute namba moja isiyowekwa juu ya ukurasa: kati ya wagonjwa wapya, wangapi walikuwa tayari kwenye orodha ya watu waliotangamana na mgonjwa? Kama wengi hawamo, minyororo ya maambukizi inapita pasipoonekana, hata kama jumla inashuka. Na mlipuko wa Ebola au Marburg hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, kwa kuwa siku 21 ndizo nyingi zaidi ambazo kirusi huchukua kabla ya dalili, kisha zikazidishwa mara mbili kwa tahadhari.

Sasa fungua tena ukurasa wa Broad Street, pale ulipouacha mshale. Baada ya mlipuko, kasisi Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakuamini nadharia ya Snow na alikuwa amekusanya ushahidi wa kuipinga, alimpata mgonjwa ambaye huenda ndiye alianzisha yote: mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeharisha siku chache kabla ya mlipuko. Mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi kwenye shimo la maji taka lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na kuta zake zilikuwa zimebomoka. Kisha baba wa mtoto huyo naye akaugua. Siku aliyoanza kuugua ilikuwa Septemba 8, siku ileile ya mpini. Chukua penseli, weka mshale wa pili juu ya ule wa kwanza, halafu kuanzia hapo chora kwa nukta nukta grafu ambayo Soho ingeipata kama mpini ungeachwa mahali pake na maji ya nepi yakafuatwa na maji ya shuka za baba.